Kofi la Mkono Mtupu

Ukiuliza hapa Zaria kwa nini mdogo wangu Tanko aliacha ngumi, utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza. Watakwambia alipigwa kofi na mtu wa Kano, akaanguka, akaona haya, akaacha. Watu wa mji huu wanapenda habari fupi. Mimi ndiye niliyemlea Tanko tangu mama yetu alipofariki, nimemfulia, nimemkanda kwa maji ya moto kila alipotoka uwanjani uso umemvimba, na nakwambia hakuacha kwa sababu ya kofi. Kofi lilimwangusha tu. Kilichomwondoa ni kingine, na mpaka leo nikikikumbuka naona haya kwa niaba yake.

Naitwa Kande. Mume wangu alikufa zamani, nikarudi nyumbani kwetu, nyumba ambayo Tanko aliirithi kwa baba, na kwa umri wangu hakuna anayenizuia kutoka nje. Siku za ngumi nakaanga bajia za kunde pembeni mwa uwanja, karibu na soko la ng'ombe. Wanawake vijana hawaji pale. Mimi naja, nakaa kwenye kigoda changu, moshi unakwenda upande wake na macho yangu yanakwenda upande wao. Kwa hiyo ya uwanjani niliyaona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Sisi ni watu wa machinjioni. Baba alikuwa mchinjaji, na babu vilevile, na ngumi zetu ni ngumi za wachinjaji. Mkono mmoja unafungwa kitambaa na kamba mpaka unakuwa mgumu, huo ndio wa kupigia, tunauita mkuki. Wa pili unaachwa mtupu, unanyooshwa mbele kumpimia mwenzako na kujikinga, huo ni ngao. Hatupigani kwa saa. Goti au mkono ukigusa ardhi, umeuawa. Ndivyo tunavyosema, fulani ameuawa, na fulani mwenyewe anajipangusa vumbi anakuja kununua bajia kwangu.

Tanko alikuwa hajauawa kwa misimu mingi. Watoto walioanza kusikia sifa zake wakiwa wamebebwa migongoni sasa walikuwa wanachunga mbuzi. Walimwita Dutse, yaani jiwe. Mati, mpiga ngoma wetu, alikuwa na mdundo aliomtungia yeye peke yake, ukiusikia hata ukiwa jikoni unajua Dutse ameingia uwanjani. Na alijijua. Sitamsingizia ndugu yangu unyenyekevu. Alikuwa na kofia nyekundu ya kufumwa ambayo aliivaa siku za soko tu, akapita katikati ya wauza vitunguu polepole, ili asiyemwona mara ya kwanza amwone mara ya pili.

Jicho lake la kulia lilianza kufa msimu mmoja kabla ya hayo. Hakumwambia mtu. Lakini mimi nilimwona akinyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono ukapita pembeni. Nilimwona buchani akijikata kidole, yeye aliyekuwa anaweza kuchuna mbuzi huku anabishana na wateja na kisu kisikosee. Akawa anageuza kichwa kama kuku anayeangalia punje.

"Tanko, jicho lina nini?"

"Kwani lina nini?"

"Hebu sogea hapa kwenye mwanga."

"Dada, kaanga bajia zako."

Mkewe, Azumi, naye alijua. Huyo ni mwanamke wa maneno machache. Tangu aolewe hajawahi kumtaja mumewe kwa jina, kama ilivyo kwetu, alimwita mwenye nyumba, basi. Alifagia chumba, akatandika mkeka, na bila kusema lolote akaanza kuliweka bakuli la mwenye nyumba upande wa kushoto. Zamani aliliweka mbele. Tanko alikula na hakuuliza.

Mwaka ule mtama ulipokwisha kuvunwa, wachinjaji wa Kano walikuja na kijana wao mmoja, Habu, mwembamba, mikono mirefu, kwao anauza nyama ya kukausha. Sasa, kati ya watu wa Zaria na watu wa Kano kuna utani wa tangu mababu. Kila mmoja anamwita mwenzake mtumwa wake. Mtu wa Kano anaweza kukunyang'anya kofia kichwani msibani kwenu, na huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa. Huyo Habu alikuja moja kwa moja kwenye karai langu.

"Mama, bajia hizi ni za waungwana au za watumwa?"

"Za watumwa. Ndiyo maana nakuuzia."

"Aa, umenipata. Nipe basi. Na yule mtumwa wangu mnayemwita jiwe yuko wapi? Nimekuja kumchukua, shamba langu limeota majani."

"Yule pale. Ila kula kwanza, baadaye hutakuwa na meno ya kutafunia."

Alicheka na mdomo umejaa. Nilimpenda, niseme nini.

Walipoingia uwanjani Mati aliupiga mdundo wa Dutse na watu wakasimama. Tanko alikuwa na hirizi mpya mkononi, ya mganga Bube, iliyolala chumbani kwake siku kadhaa ikisomewa. Alimsukuma Habu nyuma mara moja, mara mbili, kwa ule mkono mzito, na watu wa Kano wakanyamaza. Kisha yule kijana akaanza kuzunguka. Hakuzunguka kwa ujanja, naapa, ilitokea tu. Alizungukia upande wa kulia wa Tanko, na mimi nikaacha kugeuza bajia, kwa sababu nilimwona Tanko anamtafuta.

Habu alinyoosha ule mkono mtupu, wa ngao, kumpimia. Tanko hakuuona. Alikuwa anaingia kwa nguvu zake zote, akakutana nao sikioni. Lilikuwa kofi. Kofi kabisa, kama la mama kwa mtoto aliyemwaga maziwa. Goti likaenda chini, kisha makalio, na Dutse akawa ameketi kwenye vumbi anaangalia upande ambao hakuna mtu.

Kuuawa kwa mkuki ni jambo la kila wiki. Kuuawa kwa ngao, hilo wajukuu watakuja kuhadithiwa. Habu mwenyewe akaangalia kiganja chake kana kwamba amekiazima kwa mtu. Kisha utani ukamrudia.

"Jamani, nilikuwa namfukuza nzi tu."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Watu wetu wenyewe wa Zaria walicheka.

"Hili silihesabu," Habu akasema. "Inuka, mtumwa wangu, tuanze upya. Sijasafiri kutoka Kano kuja kupiga kofi."

Ilikuwa heshima, kwa namna yake. Lakini Tanko aliinuka amekasirika, na mtani hakasirikiwi. Alimrukia kwa ngumi ambayo ingemvunja ng'ombe shingo, akaipiga pale Habu alipokuwa, siyo pale alipo, na uzito wake mwenyewe ukambeba. Alianguka kifudifudi bila kuguswa. Alipoinua uso, mdomo ulikuwa umejaa udongo.

Walimkalisha kwenye kivuli cha kibanda. Nikampelekea chungu cha maji. Watu wamemzunguka, hakuna anayejua aseme nini, na Bube mganga ndiye aliyekuwa na haraka ya kusema, kwa sababu hirizi ilikuwa yake.

"Hirizi hii haijawahi kushindwa," akasema. "Imeguswa. Imevukwa. Nani anafagia chumba inapolala?"

Kwetu wanaamini mwanamke akivuka hirizi akiwa katika siku zake, hirizi inakufa. Kila mtu pale alijua Bube anauliza nini. Tanko alikuwa anatema udongo. Akaacha kutema. Nilimwona anafikiri, na hakufikiri kwa muda mrefu.

"Mke wangu," akasema.

Hakudanganya. Chumba kinafagiwa na mkewe, nani mwingine? Aliuona mlango umefunguliwa akapita, na wale wanaume wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Basi, ni hilo. Jiwe letu halijavunjika, limevunjiwa nyumbani.

"Azumi hajagusa kitu," nikasema. "Mwulizeni habari za jicho lake huyu."

"Mama, huyo ni wifi yako," Bube akasema. "Tunakuelewa. Lazima umfiche."

Wakacheka kidogo, kwa adabu. Tanko aliniangalia kwa jicho lake zima.

"Dada, nenda nyumbani."

Nikakiacha chungu chini nikaondoka. Lakini Mati alikuwa na miguu ya haraka kuliko yangu, na alikuwa na ngoma. Alizunguka uwanja mzima akitangaza kwamba Dutse hakuuawa na Habu, Dutse ameuawa na ufagio. Akaifanya habari hiyo wimbo hapohapo. Wimbo ulifika mtaani kwetu kabla yangu. Nilipoingia uani nilimkuta Azumi amekaa mbele ya kinu, mchi mkononi, hatwangi. Watoto walikuwa wanaimba nyuma ya ukuta.

Tanko alikuja jua linapungua makali. Hakuketi.

"Nenda kwa baba yako ukapumzike," akamwambia. "Maneno yapoe."

"Mwenye nyumba, mimi nimeivuka hirizi yako?"

"Watu wanasema."

"Nimekuuliza wewe."

Akaangalia ukuta. Mwanamume anayeingia uwanjani kifua wazi, mbele ya watu wote wa mji, akashindwa kumwangalia mwanamke mmoja aliyeketi. Azumi aliosha bakuli la mumewe, akalifunika, akafunga kifurushi chake, akaniaga mimi, akaenda kusubiri gari la Soba, kijijini kwao.

Nitakuambia jambo lililoniudhi kuliko yote. Tanko alipona. Siku za mwanzo alijifungia ndani, na alipotoka watoto walijipiga mashavu kwa kiganja wakaanguka chini wakicheka. Lakini wimbo wa ufagio ulilifuta kofi. Wakubwa wakaanza kumsimamisha njiani, pole sana kaka, wanawake hawa, ngoja uone safari ijayo. Mkuu wa wachinjaji akatuma habari Kano, wakakubali Habu arudi wapigane tena baada ya sikukuu. Tanko akarudi buchani. Akavaa kofia nyekundu. Na akawa anakula. Anamaliza ugali wa mtama, anakwangua mchuzi, anaomba mwingine. Nilimlea kwa mikono hii, na nilimchukia kwa namna alivyokuwa anakula.

Siku moja nikaliweka bakuli la mchuzi upande wa kulia, karibu kabisa na goti lake, nikaketi mbele yake.

"Mchuzi uko wapi?"

"Umeshawekewa."

Akapapasa. Akapapasa tena, na vidole vyote vikazama kwenye mchuzi wa moto. Hakuvitoa upesi kama mtu anayeungua. Alikaa navyo mle ndani.

"Umeanza lini kuniwekea kulia, dada?"

"Leo. Azumi ndiye aliyekuwa anakuwekea kushoto, tangu mwaka jana. Hukuwahi kujiuliza?"

Alivipangusa vidole kwenye kanzu yake safi, jambo ambalo si kawaida yake, na chakula kikabaki. Kesho yake asubuhi alikuja jikoni amejifunga kilemba, ameshika goro, zile kokwa chungu za kutafuna, za kupeleka ukweni.

"Twende Soba," akasema.

Kumfuata mke aliyerudi kwao kuna taratibu zake, na mojawapo ni kuachwa juani. Baba yake Azumi analima karanga. Alituacha nje mpaka nikamaliza habari zote nilizokuwa nazo na mti wa mlangoni ukamaliza kivuli chake. Alipotuita, Tanko aliinama na kilemba kimemfunika mpaka puani, maana mbele ya wakwe mwanamume wa kwetu hainui uso hata akiwa hana kosa, na huyu alikuwa nalo.

"Binti yangu mdogo alikuwa aolewe mwezi huu," mzee akasema. Hakukasirika, hata sauti haikupanda. "Wamekuja kuzichukua goro zao za posa. Wanasema nyumba hii inaua hirizi za wanaume. Sasa wewe umeleta goro nyingine. Nizifanye nini?"

Tanko alizishika tu. Azumi alikuwa nyuma ya ukuta wa majani makavu, tulikiona kivuli chake. Ndiye aliyesema.

"Hirizi ile nilikuwa naifunika kwa kitambaa kila siku kabla sijashika ufagio. Sijawahi kuivuka, wala kuisogelea. Mwenye nyumba anajua kilichomuua."

"Rudi nyumbani yaishe," Tanko akasema. "Nitamwambia Mati aache wimbo."

"Akiacha watasema umemziba mdomo. Mimi sikusemwa chumbani. Nilisemwa uwanjani, mbele ya ngoma. Nisafishwe hapohapo, tena na wewe, kwa mdomo wako."

"Nikilitaja jicho ndiyo mwisho wangu. Hakuna atakayesimama kupigana na mtu asiyeona. Watanikataza."

"Najua," Azumi akasema.

Kivuli kikaondoka ukutani. Mzee akatuletea maji ya kunywa, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, na tukajua tumeagwa.

Kwenye gari la kurudi Tanko aliketi ameinama mikono katikati ya magoti. Karibu tufike akaninong'oneza, kama mtoto anayeomba kuongezewa sukari.

"Dada, na nikimpiga Habu kwanza? Nimwue mara moja tu, vizuri, halafu niseme."

"Mpige. Ukimpiga Azumi akiwa hayupo nyumbani, si ndiyo umethibitisha? Watasema mnaona, ufagio ulipoondoka jiwe limesimama. Hapo useme mpaka koo likauke, nani atakusikiliza?"

Hakuwa ameliona hilo. Nilimwona akiliona pale, akiligeuza upande huu na upande huu, akitafuta pa kutokea. Alikuwa na ngumi moja iliyobaki katika maisha yake, na ushindi wake ungemzika mkewe. Siku zote zilizofuata alikwenda buchani na kurudi, na mimi sikumsaidia. Niliendelea kuliweka bakuli kulia.

Siku ya pambano watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya malori ya ng'ombe. Bube alileta hirizi nyingine, iliyolala katika chumba kilichofagiwa na mwanamume, na akahakikisha kila mtu anajua. Walimfunga Tanko mkono vizuri, kitambaa juu ya kitambaa, kamba ikakazwa. Mati akaupiga ule mdundo. Nakiri mwili ulinisisimka, pamoja na hasira zangu zote. Tanko aliingia kifua wazi, na kwa kitambo kidogo alikuwa mzuri kama zamani, na nikajua hatasema.

Habu akaingia upande wa pili, akacheza kidogo, akapaaza sauti.

"Nasikia mmemfukuza mfagiaji. Mtumwa wangu, kwa nini hukuniambia? Kano tuna fagio za kumwaga, ningekuletea mzigo."

Watu wakacheka, na Mati akaudokoa ule wimbo wa ufagio kwa vidole, kidogo tu, kuwachokoza. Nadhani ni huo wimbo. Kama Mati asingeudokoa, sijui. Tanko alisimama katikati ya uwanja, akanyanyua mkono uliofungwa, na ngoma ikanyamaza kwa sababu alikuwa bado Dutse na akiinua mkono ngoma inanyamaza.

Akaanza kuifungua kamba kwa meno.

Watu walidhani imefungwa vibaya. Mfungaji wake akamkimbilia, akasukumwa. Kamba ile ina mafundo mengi, haifunguki upesi, na sote tulimwangalia mtu mzima anatafuna kamba. Kitambaa kikaanza kuanguka, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka mkono ukabaki mtupu kama ule mwingine. Kiganja kilikuwa cheupe kwa jasho.

"Azumi hakuvuka kitu," akasema.

Mwanamume wa kwetu hamtaji mkewe kwa jina mbele ya watu. Ni aibu kubwa, hata walevi hawafanyi. Alilitaja kwa sauti, na wazee waliokuwa mbele wakainamisha vichwa.

"Jicho langu la kulia halioni. Halioni tangu msimu uliopita, na nilijua. Bube aliponiuliza nani anafagia, nikasema mke wangu. Nilisema hivyo ili nisiseme kuwa sioni. Mmemwimba mke wangu mwezi mzima na mimi nimekaa nanyi nakula. Sikuuawa na ufagio. Niliuawa na kofi, na sikuliona likija."

Bube alifungua mdomo, "Hata jicho nalo linaweza kuwa limerog..." na mkuu wa wachinjaji akamwambia anyamaze. Watu hawakumzomea. Hawakujua wamfanye nini. Walimwangalia Habu.

Na mimi nilimwangalia Habu. Mtani ndiye mwenye ruhusa. Mahali ambapo kila mtu ameshikwa na haya, mtani ndiye anayetamka upuuzi, watu wakacheka, na aliyeaibika akacheka nao, akawa mtu tena. Tanko alikuwa anangoja hilo. Alisimama ameinua kidevu kumwelekea yule kijana, anaomba, nakwambia, alikuwa anaomba atukanwe. Aambiwe mtumwa kipofu. Aambiwe kule Kano wanafuga vipofu wazuri kuliko yeye. Chochote.

Habu aliangalia kiganja chake cha kushoto, kile cha kofi, akakificha nyuma ya mgongo. Akavua kofia. Akazunguka taratibu mpaka upande wa kushoto wa Tanko, upande unaoona, akakunja magoti kama tunavyowaamkia wazee.

"Pole, Baba," akasema.

Kisha akaondoka, na watu wa Kano wakamfuata kimyakimya, hata hawakuja kununua bajia.

Azumi alirudi wiki ileile, baba yake mwenyewe akamleta. Goro za posa ya mdogo wake zilirudishwa na waliozichukua, harusi ikafanyika. Mati hakuimba tena habari za ufagio, wala hakuupiga tena ule mdundo wa Dutse, maana hauna mwenyewe. Siku ya kwanza Azumi alipopika, aliliweka bakuli kushoto, akaketi.

"Walisemaje?" akamwuliza mumewe.

"Hawakusema kitu."

Alimega tonge, akalishika.

"Habu aliniita Baba," akasema, na tonge likarudi bakulini. Alilia mbele yetu, mbele ya mkewe na dada yake, bila kujifunika. Azumi hakumwambia anyamaze. Mimi nilikuwa na maneno ya kumwambia tangu siku ya chungu cha maji, nilikuwa nimeyapanga, na sikuyasema.

Ndiyo maana nakwambia siyo kofi. Kofi angelirudisha, kama si kwa Habu, kwa mwingine, hata kwa jicho moja, wapo waliopigana hivyo. Neno lile la heshima angelirudishia wapi?

Sasa yuko buchani kila siku, na kisu anakishika polepole. Siku za soko anavaa ile kofia nyekundu, anaiweka upande kidogo, rahisi kunyakuliwa, na anapita makusudi karibu na malori ya watu wa Kano. Wanaacha kucheka wanapomwona. Wanasogea pembeni, wanampisha.